Gari la kiwandani na gari la gereji: kwa nini bima haiyaoni sawa

Anayepita barabara ya Itigi, Rungwa hadi Makongolosi anajua magari ya huku yalivyo. Ipo Land Cruiser pikapu iliyofungwa viti vya juu kwa ajili ya wageni wa uwindaji. Upo mkonga wa zamani uliotolewa injini yake na kuwekewa 1HZ. Lipo Fuso lililovuliwa bodi ya mbao na kuchomelewa bodi ya chuma ya kubebea ng'ombe. Ipo pia pikipiki iliyokatwa nyuma ikaungwa tela la matairi mawili, ibebe ndoo za asali na magunia ya mahindi.

Hakuna cha ajabu hapo. Kiwanda kilichoko Japani hutengeneza gari la kuuzwa nchi nyingi, na fundi wa Itigi, Manyoni au Chunya ndiye anayelifanya lifae kwa mchanga, makorongo na mzigo wa kwetu. Mtu ananunua pikapu ya kawaida, kisha anatumia mamilioni mengine kwenye bodi, viti, winchi, tangi la ziada la mafuta na springi za kubeba uzito.

Shida hujitokeza siku gari linapoungua, kupinduka au kuibiwa. Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituletea swali moja kwa sura nyingi: mtu amelipa bima kubwa, gari limeteketea, na kampuni inamletea fidia isiyofika hata karibu na fedha alizotumia. Anauliza kama amedhulumiwa.

Wakati mwingine amedhulumiwa kweli. Lakini mara nyingi kampuni imelipa gari lililoandikwa kwenye karatasi, na lililoungua barabarani lilikuwa gari jingine kabisa. Katika makala hii tunaeleza pengo hilo linatoka wapi, nani analibeba, na namna ya kulifunga kabla ajali haijatokea.

Bima ndogo, bima kubwa

Tuanze na yale ya msingi. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani bila kinga kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule unayeweza kumuumiza au kumuua. Hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Haikulipi wewe hata senti moja kwa gari lako. Ukigonga mti peke yako porini, bima ndogo haina cha kukupa.

Bima kubwa ndiyo inayolinda gari lako pia: ajali, moto, wizi na mengine kadiri mkataba unavyosema. Ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa hiyo kwenye bima kubwa, swali la thamani ndilo linaloamua utalipa nini leo na utalipwa nini kesho.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Thamani unayoiandika kwenye fomu si ahadi kwamba utalipwa kiasi hicho. Mikataba mingi ya bima ya magari inasema kampuni italipa thamani ya gari sokoni siku ya hasara, na kwamba malipo hayatazidi kiasi ulichoandika. Kati ya viwango hivyo viwili, hulipwa kilicho kidogo.

Msingi wake ni kanuni ya zamani ya bima: fidia inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, haikutajirishi. Kanuni ni ya haki. Ugumu unaanza pale pande mbili zinapotofautiana kuhusu mahali ulipokuwa kabla ya hasara.

Mthamini anapima nini

Tuchukue mkonga uliotoka kiwandani na kuuzwa na wakala anayejulikana. Mthamini akiulizwa bei yake, kazi yake ni nyepesi. Anajua mwaka wa kutengenezwa, aina ya injini na kilomita zilizotembea. Yapo magari mengine yanayofanana nalo yanayouzwa Dodoma, Arusha na Dar es Salaam. Analinganisha, anapunguza uchakavu, anaandika bei.

Sasa tuchukue pikapu iliyojengwa gereji. Mbele ni Land Cruiser, nyuma ni kazi ya fundi. Hakuna nyingine inayofanana nayo kabisa. Hata fundi huyo huyo akijenga ya pili, vipimo vitatofautiana. Mthamini hana soko la kulinganisha, kwa hiyo anabaki na njia nyingine: gharama za kuijenga, ukitoa uchakavu. Na gharama anazitambua kwa risiti.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Mabati na mabomba yalinunuliwa kwenye duka la vifaa, risiti ikapotea. Fundi alilipwa kwa awamu, nyingine taslimu, nyingine kwa simu. Winchi ilinunuliwa kwa mtu aliyeitoa kwenye gari lake. Kazi imefanyika, fedha zimetoka, chuma kipo. Lakini mbele ya mkadiriaji wa hasara, kazi hiyo haina ushahidi.

Wengine hudhani kampuni za bima zinadharau kazi ya mikono. Tuangalie Uingereza. Kule kuna kiwanda cha Morgan, mji wa Malvern, kilichoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Magari yake hadi leo yanaunganishwa kwa mikono, na ndani ya bodi kuna fremu ya mbao. Hata hivyo magari hayo yanathaminiwa na kukatiwa bima bila taabu kubwa, kwa sababu kiwanda kina kumbukumbu ya kila gari: namba ya chesisi, injini iliyofungwa, mwaka lilipotoka.

Hukohuko Uingereza kuna magari ambayo mtu hununua kama vipande, akayaunganisha mwenyewe nyumbani. La kujulikana zaidi ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa 1957. Wakati huo kodi ya ununuzi ilitozwa kwenye gari lililokamilika, na mnunuzi wa vipande aliikwepa kihalali. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za gari hilo na inaendelea kulitengeneza mpaka sasa.

Magari mawili ya Caterham yanaweza kufanana kwa macho, moja likiwa limeunganishwa kiwandani na jingine kwenye banda la mtu. Mnunuzi na kampuni ya bima watauliza swali lilelile: nani aliliunganisha, na ushahidi uko wapi? Ndiyo maana wenye magari hayo hutunza albamu nzima ya picha za ujenzi na ankara. Serikali yao nayo huyapima moja moja kabla ya kuyasajili. Gari ambalo umri au asili yake haijathibitika hupewa namba inayoanza na herufi Q, na kila anayeiona anajua.

Kwa hiyo mgawanyiko wa kweli uko kati ya gari lenye kumbukumbu na gari lisilo na kumbukumbu. Kiwanda kinazaliwa na kumbukumbu zake. Gereji inabidi izitengeneze.

Tupige hesabu

Huu ni mfano wetu wa kueleza jambo, si bei ya gari la mtu fulani.

Tuseme umenunua pikapu kwa shilingi milioni 60. Ukaijenga kwa shilingi milioni 20. Mfukoni mwako gari hilo ni la milioni 80. Na tuseme kampuni inatoza asilimia 3.5 ya thamani, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya ada.

Ukikata bima ya milioni 60, ada ni 2,100,000, na pamoja na kodi inakuwa 2,478,000. Ukikata ya milioni 80, ada ni 2,800,000, na pamoja na kodi inakuwa 3,304,000. Tofauti ni shilingi 826,000 kwa mwaka.

Njia ya kwanza: unataka kuokoa hiyo 826,000, unaandika milioni 60. Gari likiteketea lote, huwezi kupata zaidi ya milioni 60, na bado kuna kiasi ambacho mkataba unakutaka uchangie mwenyewe kwa kila dai. Milioni 20 ya ujenzi imekwenda na moshi.

Lakini je, likiharibika kidogo tu? Hapo nako kuna mtego. Baadhi ya mikataba ina kifungu cha uwiano. Maana yake, ukiwa umekatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni inalipa sehemu tu ya hasara. Umekatia milioni 60 kwenye gari la milioni 80, yaani robo tatu. Matengenezo yakigharimu milioni 8, unalipwa milioni 6. Mbili unazitafuta mwenyewe, ingawa milioni 8 iko chini kabisa ya kiasi ulichokatia.

Njia ya pili: unaandika milioni 80 lakini hukueleza kokote kwamba gari limejengwa upya, na huna risiti. Mwaka mzima unalipa ada ya juu. Siku ya hasara, mkadiriaji anaangalia kadi ya gari: pikapu. Anaangalia soko: pikapu ya mwaka ule ni milioni 60. Anapendekeza milioni 60. Umelipa 826,000 ya ziada kwa kinga ambayo hukuipata.

Njia ya tatu: unaandika milioni 80, unaambatisha ripoti ya mthamini, orodha ya vifaa vilivyoongezwa na bei zake, picha, na kampuni inaviandika vifaa hivyo ndani ya mkataba. Hapo ndipo unapokuwa na hoja ya kudai milioni 80, ikipunguzwa uchakavu.

Ipo pia njia ambayo haijazoeleka sana huku, lakini inafaa kuiulizia: thamani iliyokubaliwa. Mwenye gari na kampuni wanakubaliana mwanzoni, kwa ripoti na picha, kwamba gari likipotea lote litalipwa kiasi fulani. Wenye Caterham na magari ya kale Uingereza huitumia sana, kwa sababu soko haliwezi kuwapa jibu. Gari la uwindaji lililojengwa gereji lina tatizo hilohilo. Kampuni inaweza kukataa, lakini kuuliza hakuna gharama.

Kadi ya gari inasema nini

Thamani ni nusu ya kisa. Nusu nyingine ni kama gari lako kisheria ni hilo unalodai kuwa nalo.

Kadi ya gari, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ina namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi na idadi ya viti. Ukibadilisha injini, bodi au rangi, Msajili wa Magari aliye chini ya TRA anatakiwa kujulishwa ili kadi ibadilishwe. Wengi hatufanyi hivyo. Injini inafungwa Jumamosi, Jumatatu gari liko mzigoni.

Bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Anayeomba bima anatakiwa kueleza kila jambo la maana ambalo lingeifanya kampuni ikubali, ikatae au ipandishe ada. Hata usipoulizwa. Mabadiliko makubwa ya gari ni jambo la maana. Viti vya juu vinapandisha uzito, na gari linapinduka kwa urahisi zaidi. Tangi la ziada la mafuta linaongeza hatari ya moto. Chesisi iliyokatwa na kurefushwa inategemea ubora wa kuchomelea kwa fundi.

Ukinyamaza, umeiachia kampuni mlango wa kukataa dai zima, hata kama ajali haikusababishwa na mabadiliko hayo.

Kuna jambo jingine la hatari zaidi. Fundi anapokata na kuunga chesisi karibu na mahali namba ilipogongwa, namba inaweza kufutika au kuonekana imechezewa. Injini ya mkononi isiyo na hati ya mauziano nayo inaweza kuwa ilitoka kwenye gari la wizi. Hapo suala linatoka kwenye bima na kuwa la polisi, na wewe mwenye gari ndiye wa kujieleza.

Watu walioketi nyuma

Mpaka hapa tumezungumzia mali. Tuzungumze na watu.

Pikapu ya mlango mmoja imesajiliwa kwa viti vya mbele tu. Nyuma tumefunga mabenchi. Siku ya mnada inabeba watu, mbuzi na magunia. Bima yake inasema matumizi binafsi. Gari likipinduka kwenye korongo na watu kumi wakaumia, familia zitauliza bima iko wapi.

Sheria ya bima ya mtu wa tatu imetungwa kumlinda mhanga, na mahakama huitazama hivyo. Lakini kampuni ikilazimika kulipa kwa ajali ambayo gari lilikuwa likitumika kinyume na mkataba, inaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai fedha hizo. Na kabla ya kufika huko, mabishano kama abiria wale walikuwa ndani ya kinga au nje yake huweza kuchukua muda mrefu, wakati majeruhi yuko hospitali na bili inapanda.

Mwenye pikipiki iliyoungwa tela asidhani hili halimhusu. Bima yake ni ya chombo cha magurudumu mawili. Chombo anachoendesha sasa kina magurudumu zaidi, kinabeba mzigo wa biashara, na pengine kina abiria juu ya magunia. Kwa macho ya bima, hicho ni chombo kingine na kiko kwenye kundi jingine la ada. Guta lililotoka kiwandani likiwa na magurudumu matatu lina usajili wake unaolitambua hivyo. La kuunga halina.

Arusha, Nairobi na somo lao

Tofauti hii ya kumbukumbu inaonekana vizuri hapa hapa Tanzania. Arusha kuna karakana, mojawapo ikiwa Hanspaul, ambazo kazi yao ni kuchukua Land Cruiser na kuijenga iwe gari la watalii: chesisi inarefushwa, paa linafunguka, viti vinaongezwa. Kimsingi ni kazi ileile ya fundi wa gereji. Tofauti ni kwamba karakana ya namna hiyo hujenga mtindo mmoja mara nyingi, hutoa ankara, na magari yake yanauzwa na kununuliwa tena. Limekuwapo soko la kulinganisha. Mthamini akilitazama anajua bei yake.

Kenya nao walipitia njia yao. Bodi nyingi za mabasi na matatu hujengwa na mafundi wa nchini juu ya chesisi ya lori. Shirika la Viwango la Kenya liliweka kiwango chake, KS 372, kinachoeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyotakiwa kujengwa. Kiwango cha namna hiyo ni cha usalama kwanza. Lakini kinasaidia bima pia, kwa sababu mkaguzi ana kitu cha kupimia.

Kenya hiyohiyo inatuonyesha kuwa hata gari la kiwandani halina kinga kamili dhidi ya kushuka thamani. Kampuni ya Mobius ya Nairobi, iliyoanzishwa 2010, ilijenga gari rahisi na imara kwa barabara za Afrika. Agosti 2024 ikatangaza kuwa inaelekea kufilisiwa kwa sababu ya madeni na ugumu wa biashara. Baadaye ikatangazwa kuwa mnunuzi amepatikana. Lakini kwa wiki zile, kila aliyekuwa na gari hilo ilimbidi ajiulize: spea zitatoka wapi? Gari lisilo na uhakika wa spea hushuka bei mara moja, na thamani yake ya bima hushuka nayo.

Na sasa kuna mabadiliko mapya. Kaskazini mwa nchi yetu tangu 2018 yapo magari ya utalii yaliyotolewa injini ya dizeli yakawekewa mota na betri. Kenya, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, leo Roam, ilianza kwa kazi hiyohiyo. Dar es Salaam magari mengi yanafungwa mitungi ya gesi asilia. Haya yote ni magari ya kiwandani yaliyofanywa kuwa kitu kingine. Betri peke yake inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko bodi iliyoibeba. Swali la pikapu ya Rungwa litakuwa swali la magari mengi zaidi.

Nani abadilike?

Si haki kumwachia mwenye gari mzigo wote. Mtu wa Rungwa anayetaka kubadilisha kadi, kukaguliwa gari na kupata ripoti ya mthamini anaweza kulazimika kusafiri hadi Manyoni, Singida au Dodoma, kulala huko, na kusimamisha kazi ya gari. Gharama hiyo wa mjini haioni. Ndiyo sababu wengi huchagua kunyamaza na kuomba Mungu.

Mawakala wa bima nao wana la kujibu. Anayekuuzia bima kwa simu kwa kuuliza namba ya gari na kiasi unachotaka kuandika, bila kukuuliza kama gari limebadilishwa na bila kukuomba picha, amechukua ada na kuliacha swali la kweli likusubiri siku ya ajali. Stika za kielektroniki zilizoanzishwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) zimesaidia sana kuondoa stika feki. Zinathibitisha kuwa bima ipo. Hazithibitishi kuwa gari lililo mbele yako ndilo lililokatiwa.

Na mafundi wetu wanahitaji njia ya kutambuliwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kazini anapimwa na kupewa cheti bila kuanza shule upya. SIDO, iliyopo tangu 1973, imekuwa ikiwahudumia wenye viwanda vidogo. Fundi mwenye cheti, daftari la kazi na risiti hauzi bodi tu; anauza bodi inayoweza kukatiwa bima. Mteja mwenye akili atamlipa zaidi kidogo kwa hilo.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuanzia. Kampuni za bima zikikubali fomu moja rahisi ya kueleza mabadiliko ya gari, iliyojazwa na fundi anayetambulika na kuambatishwa picha za simu, safari nyingi za Dodoma hazitahitajika. Simu zenye kamera zimejaa vijijini. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipokea picha hizo na kuzipa uzito.

Ufanye nini kabla ya kulipa ada

Wakati tukisubiri hayo, haya yako ndani ya uwezo wako.

1. Piga picha kila hatua ya ujenzi: gari kabla, chesisi ikiwa wazi, bodi ikichomelewa, gari likikamilika. Zitume kwa mtu wa familia ili simu ikipotea zisipotee.

2. Dai risiti ya EFD kwa vifaa. Kwa fundi asiye na mashine, andikeni makubaliano: kazi gani, kiasi gani, tarehe, sahihi za wote wawili na shahidi. Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe.

3. Ukinunua injini au kifaa kikubwa cha mkononi, chukua hati ya mauziano yenye namba ya injini na utambulisho wa aliyekuuzia.

4. Gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, kisha kadi ibadilishwe TRA ili ilingane na gari lilivyo.

5. Iulize kampuni inakubali ripoti ya mthamini yupi kabla hujamlipa mthamini.

6. Waeleze mabadiliko yote kwa maandishi, na eleza matumizi ya kweli: binafsi, mzigo, abiria au kukodisha. Ujumbe wa simu unaobaki ni bora kuliko maneno ya mdomo.

7. Omba mkataba wenyewe, si stika pekee. Tafuta mambo manne: thamani ya soko au iliyokubaliwa, kifungu cha uwiano, kiasi unachochangia kwenye kila dai, na orodha ya vifaa vilivyoongezwa.

8. Kila mwaka unapohuisha bima, rekebisha thamani. Gari limechakaa, bei ya spea imebadilika, na pengine umeongeza kitu kipya.

Hasara ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, wala usianze kutengeneza gari kabla halijakaguliwa. Usisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho kama hujaridhika na hesabu. Omba ripoti ya mkadiriaji na ulizia alifikaje kwenye kiasi hicho.

Usipoelewana na kampuni, unaweza kupeleka malalamiko TIRA. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahakamani kwanza. Huko nako utaulizwa yaleyale: mkataba, picha, risiti, barua ulizoandika.

Turudi kwa wale wanaouliza kama wamedhulumiwa. Aliyeeleza mabadiliko, akaandikiwa kwenye mkataba na kulipia thamani kamili, kisha akalipwa pikapu tupu, ana haki ya kulalamika na ana pa kwenda. Aliyenyamaza ana huruma yetu, lakini hoja yake ni dhaifu. Tofauti kati ya watu hawa wawili ni bahasha moja ya karatasi, na inajazwa wakati fundi bado yupo kazini.

Kama una pikapu, Fuso au guta lililobadilishwa na bima yake inakaribia kuisha, chukua kadi ya gari leo uilinganishe na gari lenyewe lilivyo uwanjani. Pale vinapotofautiana, hapo ndipo fedha zako zilipo hatarini.